Nchi Niliyoipaka Rangi Nyekundu

Ninyi vijana mnaotoa mabango kwa mashine, mnabonyeza hapa na herufi zinatokea pale zikiwa zimenyooka, mtanivumilia nikianza na aibu yangu. Nilisahau kuchora New Zealand katika shule tatu mfululizo. Hakuna mwalimu aliyelalamika wala mkaguzi aliyeuliza, na watoto wa shule hizo tatu sijui leo wanaamini nini kuhusu pembe ile ya dunia. Niligundua katika shule ya nne, mpishi alipohesabu visiwa kwenye kitabu, akahesabu ukutani, kisha akaniuliza viwili nimevipeleka wapi.

Nilikuwa fundi wa kuandika. Kibanda changu kilikuwa Meru mjini, upande wa Kinoru, na niliandika kila kinachoandikika: majina ya maduka, ubavu wa lori, mlango wa daktari wa meno. Lakini chakula cha nyumbani kwangu kilitoka kwenye ramani za dunia. Shule za msingi zilizipenda sana. Nilizichora kutoka Laare kwenye miraa mpaka kule chini Embu, upande wa Mbeere, ambako jua hukausha rangi ikiwa bado kwenye brashi.

Aliyenifundisha ni Mzee Kiambati, mtu mfupi aliyeweza kupiga mstari wa hatua tatu bila rula huku akikutukana. Alinifundisha kuchovya uzi katika bluu ya kufulia, kuukaza ukutani na kuuachilia ghafla ili uache alama. Ukipata miraba ukutani na miraba kwenye karatasi, basi kila kilicho katika mraba mdogo unakihamishia katika mraba mkubwa, na hata mjinga atachora Afrika. Alinifundisha kwamba bahari ni kwanza, kwa sababu anayeanza na nchi ataishia kumwaga bahari juu ya watu. Meru wakati wa ukungu wa Julai usipake rangi ya mafuta kabla ukuta haujakauka, la sivyo itabambuka kabla hujalipwa. Mbeere anza alfajiri, ongeza tapentaini, na saa tano uwe umeketi kivulini. Hayo yote alinifundisha vizuri.

Jambo moja alinifundisha vibaya. "Mteja akikuuliza, jibu," alikuwa akiniambia. "Fundi wa kusema sijui hapewi kazi na mtu." Nami nikalishika hilo kuliko yote mengine.

Sasa, nchi niliyoipenda kuliko zote ilikuwa Umoja wa Kisovieti. Msinielewe vibaya. Mambo ya ukomunisti sikuyajua, na miaka ile mtu mwenye akili zake hakuyataja ovyo. Niliipenda kwa ajili ya kazi. Ulaya ilikuwa mateso matupu: vinchi vidogo vimebanana, unashika brashi ya nywele tatu na kuzuia pumzi. Lakini ukishavuka Poland unachukua brashi ya inchi mbili, unachovya kwenye kopo la nyekundu, unakwenda ukipiga mluzi mpaka karibu na Japani. Herufi nne kubwa katikati, U.S.S.R., basi, unashuka kwenye ngazi kunywa chai.

Mwaka wa tisini na moja ukielekea kuisha, redio ikasema nchi hiyo haipo.

Nilikuwa naandika jina la bucha. Nilishuka kwenye ngazi nikamuuliza mwenye bucha kama nimesikia vizuri. Hawakusema imeshindwa vitani, wala imepigwa bomu. Haipo tu. Mimi ndiye niliyekuwa nimeipaka kwenye kuta zaidi ya hamsini, kwa rangi ya mafuta isiyofutika kwa maji, na sasa natangaziwa kwamba ni nchi kumi na tano. Nilichanganyikiwa, na nawaambia ukweli, mpaka leo mkanganyiko huo haujanitoka. Nchi yenye jeshi lile na mabomu yale, iliyomtuma mtu angani, inawezaje kulala ikiwa moja na kuamka vipande, tena karibu bila risasi?

Niliuliza kila niliyemfanyia kazi. Niliuliza kwa sauti ya chini, maana hata huku kwetu vyama vingi vilikuwa ndiyo kwanza vinarudi, na kuuliza kwa nini serikali huanguka lilikuwa swali la kuangalia nyuma ya bega kwanza. Mzee mmoja wa kanisa aliniambia ni kwa sababu walimfukuza Mungu. Nikamuuliza mbona walikaa miaka sabini baada ya kumfukuza? Akaniambia niendelee kupaka. Mwalimu mmoja akasema ni uchumi, watu walichoka kupanga foleni ya mkate. Hilo lilinikaa kidogo, ila nilijua nchi zilizo na njaa kuliko hiyo na bado zipo ukutani.

Aliyelikaribia jibu zaidi ni mnunuzi mmoja wa miraa pale Laare, niliyekuwa namwandikia gari lake. Alinionyesha gunia. "Fundi, angalia. Hii ukishindilia kubwa sana, hapa nje inakaa fresh, kijani safi. Lakini katikati inachemka. Inaanza kuoza ndani, na wewe huku nje unasema iko sawa, iko sawa. Ukifika Nairobi unafungua unapata takataka."

"Na wale wenye kuipakia hawajui inachemka?"

"Wanajua. Nani atamwambia mwenye gunia?"

Nikaona hapo pana kitu. Halafu haikupita muda Meru yetu nayo ikagawanywa, Tharaka-Nithi ikaenda kivyake, Nyambene ikaenda kivyake, na watu wakacheza ngoma. Nikapotea tena. Kama kugawanyika ni kuoza, mbona sisi tunachinja mbuzi?

Nisiwapoteze na ninyi. Nilitaka kuwaambia habari za shule moja ya Mbeere, ambayo mwalimu mkuu wake aliitwa Njagi. Mwalimu Njagi alikuwa mtu wa kupenda mambo yawe sahihi. Mwanzoni mwa mwaka wa tisini na mbili aliniita nikarekebishe ramani niliyomchorea, kwa sababu, alisema, hawezi kuwafundisha watoto nchi iliyokufa. Shida ni kwamba atlasi mpya hazikuwa zimefika. Alichokuwa nacho ni kipande cha gazeti, ukubwa wa kiganja, chenye ramani ya kijivu iliyokunjwa mara nne. Mkunjo mmoja ulikuwa umekula wino palepale Urusi inapokutana na Ukraine.

"Itatosha, fundi?" akaniuliza.

"Itatosha, Mwalimu."

Haikutosha. Kukuza kitu cha kiganja mpaka ukuta wa darasa ni kukuza pia makosa yake yote. Lakini nilipiga miraba, nikafunika nyekundu kwa rangi ya chini mara mbili, maana nyekundu ni rangi ya ukaidi, hujitokeza tena hata ukiizika, kisha nikaanza kukata nchi. Mipaka niliipiga kwa rangi nyeusi, mistari minene kama kidole. Unene huficha wasiwasi wa mkono. Hilo nalo mlijue, fundi asiye na hakika hupiga mstari mnene.

Nilikuwa nimemaliza Ukraine, rangi bado mbichi, mama mmoja alipoingia darasani. Nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya ua wa shule. Nilimjua kwa macho. Alikuwa akiitwa Mama Njiru, na wote pale walijua kwamba kifungua mimba wake, Njiru, alikuwa amepata nafasi ya kusomea udaktari huko huko Sovieti. Mkononi alikuwa na bahasha na kalamu.

"Fundi, habari ya kazi. Nimesikia ati hii nchi imekatwakatwa."

"Ni kweli, mama."

"Sasa mtoto wangu amebaki upande gani?"

Alinipa barua ya zamani ya mwanawe nisome anwani. Mji ulikuwa Kharkov. Akanieleza wazi wazi, bila kulia: mumewe, Mzee Ireri, alikuwa amelazwa Embu, chakula hakimezeki, na kila akiamka anauliza jambo moja tu, kama Njiru ameandika. Mama mwenyewe alikuwa ameshatuma barua mbili zenye anwani ya zamani na hakuna hata moja iliyojibiwa. Karani wa posta alikuwa amemwambia nchi ya jina hilo haipo tena, atafute jina jipya. "Na wewe ndiye unachora," akasema. "Nimeona afadhali niulize mwenye kujua."

Niliutazama ukuta. Kharkov niliukumbuka kutoka kwenye atlasi ya zamani, na nilijua mraba wake. Ulikuwa chini ya mstari wangu. Si upande huu wala ule, chini kabisa ya rangi nyeusi, palepale gazeti lilipokunjwa. Mji wa watu maelfu kwa maelfu, na kijana mmoja wa Mbeere, nimewafunika kwa kidole.

Hapo ndipo ningesema sijui. Mwalimu Njagi alikuwa darasa la pili kutoka pale, ningeweza kumwita. Tungeweza kusubiri wiki mbili, tukaandika Nairobi kuuliza. Lakini Mzee Kiambati alikuwa ndani ya kichwa changu, na yule mama alikuwa akinitazama kama mtu anayemtazama daktari.

"Yuko Urusi, mama," nikasema.

"Una hakika?"

"Hakika kabisa."

Nikamchukulia kalamu, nikamwandikia anwani mwenyewe. RUSSIA. Nawaambia, sijawahi kuandika herufi nzuri kama zile, hata kwenye benki. Alinishukuru, akaniletea maziwa ya mgando na ndizi, nikala nikashiba.

Mzee Ireri alifariki kabla mvua za Aprili hazijaisha. Barua ilirudi baadaye sana, bahasha imechakaa, imepigwa mihuri yenye herufi zisizosomeka na mshale wa kalamu ya risasi uliofuta RUSSIA yangu. Siku ya mazishi ni mdogo wake Njiru aliyetangulia kutia udongo kaburini, mahali pa kaka yake, na wazee wa kule hawakulipenda jambo hilo hata kidogo.

Yote hayo niliyasikia niliporudi kwa Mwalimu Njagi kuziba nyufa. Alikuwa amepata atlasi mpya. Hakunigombeza. Aliifungua tu, akaweka ncha ya penseli juu ya Kharkov. Ukraine. Kutoka mpakani ilikuwa upana wa unywele.

"Fundi, ungeniuliza," akasema.

Nilikwenda kwa Mama Njiru nikamwambia nilikosea. Nilidhani atanifukuza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kwa hivyo ni wewe ulimpeleka mtoto wangu nchi ingine." Na tangu siku hiyo likawa jina langu. Nikipita sokoni kwao, yuko na wenzake: "Huyu ndiye fundi alipeleka Njiru nchi ingine." Wenzake wanacheka. Yeye anacheka nao, lakini macho hayacheki. Mimi nilikuwa nahisi uzito wa bahasha ile kifuani, sisemi kwa kupamba maneno. Nilipoteza hamu ya ramani. Mwaka mzima niliandika milango ya vyoo na majina ya hoteli.

Halafu, miaka kama miwili baadaye, mtu mrefu aliyekonda akasimama mbele ya kibanda changu Kinoru. Nikajua ni Njiru kabla hajasema, kwa paji la uso la mama yake. Nikaweka brashi chini. Nilikuwa tayari kwa lolote, hata kofi.

"Wewe ndiye fundi?"

"Ni mimi. Na ni mimi niliyekosea anwani. Nisamehe, kijana wangu."

Akaketi juu ya debe la rangi.

"Barua yako haikufika," akasema. "Lakini zile mbili za kwanza zilifika."

Sikuelewa. Nikamwambia arudie.

"Zilifika zote. Anwani ilikuwa ya zamani lakini watu wa posta walikuwa wale wale. Ya pili ilisema mzee amelazwa. Nilijua, fundi."

Kisha akanieleza. Serikali iliyokuwa inawalipia haikuwepo, na iliyokuja haikujua wao ni watoto wa nani. Chuo kilisema waliotoka nje wajilipie. Alikuwa ameacha masomo, akawa akiuza viatu na makoti ya Kituruki sokoni, kwenye theluji. Alikuwa amewaandikia nyumbani kwamba bado mwaka mmoja awe daktari. "Ningerudi na nini? Nisimame mbele ya mzee anakufa, nimwambie sina dawa, sina cheti, nina viatu? Nikasema nitajibu kesho. Kila siku nikasema kesho. Halafu nikasikia kwa mtu wa Runyenjes kwamba ameshazikwa."

Nikamuuliza swali langu la siku zote, maana nilikuwa nimempata mtu aliyekuwa ndani wakati inaanguka. Nikamwambia, Njiru, ilivunjika kwa nini?

Alicheka, mara ya kwanza na ya mwisho siku ile. "Hata sikuona siku yenyewe. Tulikuwa na profesa wa somo la chama, somo la lazima, ukianguka hilo huwi daktari hata ujue kupasua watu. Mkali! Siku moja akaingia, akasema mtihani umefutwa, somo halipo. Akachukua koti akatoka. Darasa zima, hakuna aliyeuliza kwa nini. Hakuna aliyeshangaa, fundi. Kumbe miaka yote sisi tulikuwa hatuamini, na yeye alikuwa haamini, na kila mtu alidhani ni yeye peke yake."

Nikakumbuka gunia la Laare. Lakini nikajiuliza pia, kama kusema uongo pamoja kunaangusha nchi, ni nchi gani ingebaki imesimama? Nikamuuliza. Akasema hajui. Alikuwa mtu wa kwanza niliyemsikia akisema hajui kuhusu jambo lile, na ndiye aliyekuwa ameliona.

Aliposimama kuondoka akanishika mkono. "Mama anaamini zote zilipotea. Anaamini ningekuja. Naomba usimwambie."

Ndiyo hivyo, vijana. Nilipewa ufunguo wa kunitoa lawamani, na nikaombwa nisiutumie. Nawafundisha mseme sijui pale msipojua, hilo nalisema bila kusitasita. Lakini mtu akijua aseme nini, hilo sikufundishwa na mtu. Leo Mama Njiru ameshapumzika, na Njiru, ambaye ana wajukuu na duka la dawa za mifugo, amenipa ruhusa niyaseme haya. Wakati ule nilinyamaza tu. Jina langu likaendelea sokoni, nami nikaendelea kucheka nao.

Mara ya mwisho nilipofanya kazi kwa Mwalimu Njagi, Mbeere ilikuwa imetolewa Embu na kupewa wilaya yake, na alitaka mpaka mpya uonekane ukutani. Nikauchora kwenye ukuta wa nje, kwa brashi nyembamba kuliko zote nilizokuwa nazo, saa nne nzima. Mama Njiru akavuka na kigoda chake na kikombe cha chai, akaketi kunitazama. Ng'ambo ya ua Njiru alikuwa akiwanywesha mbuzi.

"Hii nayo ni nchi ingine?" akaniuliza.

"Hapana, mama. Ni wilaya tu."

"Na watu wa huku wameambiwa?"

"Wameambiwa. Chifu aliita baraza."

"Hiyo ni vizuri." Akaninyooshea kikombe. "Fundi, wewe mimi nilishakusamehe kitambo, hata kama nakuchokoza. Binadamu anakosea. Ile sijasamehe ni ile nchi. Watu wazima wanabomoa nyumba, na mtoto wa mwenyewe yuko ndani, na hakuna hata mmoja wa kuandikia mama yake barua moja?"

Ng'ambo ya ua, Njiru alikuwa ameacha kumimina maji. Mbuzi walikuwa wakisukumana kwenye birika tupu, naye ametupa mgongo, ndoo ikining'inia mkononi.

"Hata mimi, mama," nikasema, "sijawahi kuielewa nchi ile." Na ulikuwa ukweli mtupu, ila haukuwa wote.